Rupia na Reale za Zamani: Niliyojifunza Kwenye Meza ya Usonara

Msimu wa korosho ukiisha na watu wakishika pesa, ujenzi huanza huku kwetu. Nyumba za udongo zinabomolewa, misingi inachimbwa, masanduku ya marehemu yanafunguliwa, na vitu vilivyolala miaka mingi vinatoka nje. Mimi ni sonara Mtwara mjini, kwa hiyo baadhi ya vitu hivyo huishia mezani kwangu: rupia za Mjerumani, reale (zile sarafu kubwa zenye sura ya Maria Theresa), shilingi za Mwingereza. Anayeleta huwa na swali moja tu: "Fundi, hii bei gani?" Na mara nyingi ameshajibiwa na mtu mwingine njiani kwamba ni mamilioni, kwa kuwa ni ya zamani.

Uzamani ndio unaotajwa kwanza, na ndio unaosaidia kidogo kuliko yote. Hilo nilifundishwa Lindi na mjomba wangu, aliyenipa kazi hii mkononi. Alikuwa na reale moja ya Maria Theresa aliyoiweka kwa ajili ya kufundishia tu. Imeandikwa 1780. Alinipa, akaniuliza ina miaka mingapi, nikapiga hesabu na kumjibu. Akacheka, akaniambia hakuna anayeweza kulijibu swali hilo kwa kusoma tarehe ile.

Mambo yako hivi. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameshaizoea sura yake na uzito wa sarafu yake, wakakataa kupokea nyingine. Basi ikaendelea kupigwa na tarehe ileile. Ilipigwa Vienna, na baadaye Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na hata Bombay. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipewa mihuri ya kuipigia, na mwaka uliofuata London nayo ikaanza kuzitengeneza. Vienna wanaipiga hadi leo. Wanaozijua kwa undani wanatazama kifungo cha begani mwa malkia, lulu za kichwani na manyoya ya mkia wa tai ili watambue ilipigwa wapi na kipindi gani, na zipo chache ambazo tofauti hizo huzipandisha bei sana. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, bei yake haiendi mbali na bei ya madini ya fedha yaliyomo ndani.

Hiyo fedha iliyomo ndani ndiyo sakafu. Sarafu ikiwa imechakaa namna gani, imetobolewa, imepindika, haishuki chini ya bei ya madini yake, na kila mwenye sarafu anapaswa kuijua sakafu hiyo kabla hajaongea na dalali yeyote. Reale ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni sehemu 833, kwa hiyo fedha tupu ni gramu 23.4 hivi. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66 na fedha ni sehemu 917, yaani gramu 10.7 za fedha tupu. Rupia ya India, ile ya Malkia Victoria, Edward VII na George V, iko sawa nayo kabisa. Uzito huo ndio tola moja, kipimo cha zamani cha uzito. Mjomba alikuwa na mawe ya mzani ya tola, lakini jiwe likipotea alichukua rupia isiyochakaa na kuiweka upande wa pili wa mzani, na kazi ikaendelea.

Shilingi ndizo zinazowavunja watu moyo. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, iliyoanza 1921, ina gramu 7.78 tu, na fedha ndani yake ni robo. Robo tatu iliyobaki ni madini mengine. Fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Ukikusanya shilingi kumi na mbili za namna hiyo, ndipo unapata fedha ya reale moja. Na kuanzia zile za 1948, fedha imeondolewa kabisa, ni shaba nyeupe iliyochanganywa na nikeli. Nimeona mama akileta mkebe mzima wa shilingi za 1948 hadi 1952, amezitunza kwa uangalifu mkubwa tangu alipofariki baba yake, kwa sababu simba ni yuleyule na mng'aro ni uleule. Kumwambia ukweli mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, lakini ni bora ausikie kwangu, akiwa amekaa kitini na maji ya kunywa mkononi, kuliko ausikie kwa mtu aliyemlipisha nauli hadi Dar es Salaam.

Juu ya sakafu hiyo ndipo bei halisi inapojengwa, na kwa rupia za Mjerumani mengi yamo kwenye herufi na tarehe. Za mwanzo, kuanzia 1890, zilitolewa na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, na nyuma yake kuna simba na mnazi. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ndiyo iliyotoa, nyuma imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, na kuna herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka mmoja unaweza kuwa na A na J, moja ikawa ya kawaida na nyingine ikatafutwa. Hapo mtu mwenye haraka hupoteza. Sarafu ya rupia 2 ilipigwa 1893 na 1894 tu, tena chache, kwa hiyo mtu akiniletea hiyo namwambia aketi kwanza, tuzungumze taratibu, asiiuze leo. Rupia 1, kwa upande mwingine, zilimwagika nchini. Kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ililipwa kwa rupia, mishahara ya mashambani na mpira wa porini vikalipwa kwa rupia, na kila kaya ililazimika kuzitafuta. Ndiyo maana bado zinatoka ardhini, na ndiyo maana rupia 1 iliyochakaa ya mwaka wa kawaida haina maajabu.

Lakini nina jambo ambalo ningependa kila nyumba ya Newala, Masasi, Lindi na Mikindani ilisikie kabla ya mengine yote. Msisugue.

Mzee mmoja wa Tandahimba alinijia na rupia mbili amezifunga kwenye pindo la kitambaa. Tulisalimiana, akakifungua kile kitambaa mezani. Moja ilikuwa inameta kama kijiko kipya. Nyingine nyeusi, nyeusi ya masizi, nayo aliisukumia pembeni.

"Hii nyeupe ndiyo ya fedha," akasema. "Wajukuu wameisafisha vizuri kwa jivu na limau. Ile nyingine nimeibeba tu, naona ni bati."

Nikachukua lenzi. Ile nyeupe ilikuwa ya 1906. Juu ya kofia ya chuma ya Mfalme Wilhelm kuna tai, na tai yule alikuwa hana manyoya tena, amebaki kivuli cha ndege. Uwanda wa sarafu, ile sehemu tupu kuzunguka kichwa, ulikuwa umejaa mikwaruzo membamba, yote imelala upande mmoja, upande ambao kidole gumba cha mtoto kilikuwa kikienda. Mng'aro ule ulikuwa wa chuma kilichochunwa.

Nikaichukua nyeusi kwa kingo zake, bila kugusa uso, nikaigeuza dirishani. Mwanga ulipoingia kwa kulalia, weusi ule ukafunguka rangi: zambarau kidogo, bluu karibu na ukingo, na chini yake mng'aro unaozunguka sarafu inapozungushwa. Mng'aro huo unatoka kwenye muhuri wenyewe siku sarafu ilipopigwa, na ukishaondoka haurudishwi na fundi yeyote. Manyoya ya tai yalihesabika. Ncha za masharubu zilikuwa kali. Ilikuwa ya 1911, yenye J. Haikutembea sana mikononi mwa watu kabla ya kufichwa.

"Mzee, hii nyeusi ndiyo yenye bei," nikamwambia.

"Hii? Mwanangu, unanitania."

"Sikutanii, mzee wangu. Ile ya kung'aa nitakulipa kwa mzani, bei ya fedha. Hii sitainunua mimi, maana sina pesa ya kukulipa haki yako. Irudishe nyumbani na usimpe mtoto."

Akainyanyua, akaitazama muda mrefu. Nilimweleza kwamba ule weusi si uchafu uliotoka nje. Fedha hukutana na salfa iliyomo hewani, moshi na jasho, ikatengeneza ngozi nyembamba juu yake. Ukiisugua ngozi hiyo hutoi weusi peke yake, unatoa na fedha iliyogeuka kuwa weusi, na ndiyo hiyo iliyobeba manyoya ya tai na masharubu ya mfalme. Wanaokusanya sarafu wanalipia ngozi ya asili. Wakiona mikwaruzo ya jivu, mchanga au dawa ya meno, bei inaporomoka mpaka karibu na ile sakafu ya madini, hata kama mwaka ni adimu. Sarafu ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu, ibadilishie maji, kisha ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini. Basi, usiende zaidi ya hapo.

Hewa yetu ya baharini nayo ina chumvi na unyevu. Wengi huzitia kwenye vile vifuko laini vya plastiki, na baada ya muda wanakuta ute wa kijani juu ya sarafu. Plastiki hizo laini zinatoa kemikali zinazokula madini. Bahasha ya karatasi safi ni bora, kikopo kigumu cha kuhifadhia sarafu ni bora zaidi, na sarafu mbili zisikae zinagongana.

Kuhusu bandia, naanza na mzani kabla ya macho. Reale isiyofika gramu 27 bila kuonyesha kuchakaa ina walakini. Baada ya hapo maji: naifunga kwa uzi mwembamba, naipima ikiwa hewani, kisha naipima ikiwa imezama kwenye glasi ya maji bila kugusa chini. Rupia halali hupungua kama gramu 1.13 ikiwa majini, reale kama 2.75. Iliyotengenezwa kwa nikeli na shaba hupungua zaidi, kwa sababu madini hayo ni mepesi kuliko fedha, na sarafu ya uzito uleule huwa nene zaidi au pana zaidi. Sumaku watu wanaipenda mno, lakini inachokamata hasa ni chuma. Shaba, risasi na bati vyote vinapita mbele yake salama. Halafu ndipo lenzi. Sarafu halali imepigwa kwa muhuri, herufi zake zina kingo kali. Iliyomiminwa kwenye kalibu ina vishimo vidogo vya hewa, herufi zimelegea, na mara nyingine kuna mstari wa maungio ukingoni. Ukingo wa rupia una mistari ya wima. Ukingo wa reale una maneno, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na mtu anayeghushi mara nyingi huchoka kabla hajafika huko.

Kuna kundi jingine linalonikera, na nasema wazi. Ni wale wanaopita vijijini na masharti: rupia iwe na nguvu fulani, iwe na madini adimu yaliyofichwa ndani, mnunuzi yuko nje ya nchi na anasubiri, ila kwanza mwenye nayo atoe gharama ya kupimwa. Ndani ya rupia kuna fedha na shaba kidogo ya kuikaza. Hakuna kingine. Mnunuzi wa kweli haombi pesa kwa muuzaji.

Wanaofanana nao ni wachimbaji wa hazina ya Mjerumani. Huku kusini hadithi hiyo ina mizizi kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita kweli. Oktoba 1917 palipiganwa vikali Mahiwa, mkoani Lindi, na mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma. Mtu anaonyeshwa mwamba wenye alama, anauza shamba la mikorosho ili akodi vijana wa kuchimba. Lakini tuangalie jeshi lile lilikuwa na nini mfukoni. Waingereza waliziba bahari, na sarafu za fedha zikawaishia Wajerumani. Kuanzia 1915 walichapisha noti za muda za karatasi hapahapa nchini. Mwaka 1916, Tabora, walipiga sarafu ndogo za heller 5 na heller 20 za vyuma vilivyopatikana, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, kabla mji haujachukuliwa Septemba mwaka huohuo. Waliofika kusini walikuwa watu waliobakiwa na karatasi. Rupia zinazotoka ardhini kwetu walizifukia wenyeji wenyewe, babu na bibi zetu, kwenye chungu kidogo kando ya ukuta, baada ya kuuza nta, mpira au nguvu zao.

Nyingi ya hizo zilizobaki majumbani zina tundu. Zilivaliwa shingoni, zilining'inizwa kwenye mikufu, zilifungwa mikononi mwa watoto. Kwa mkusanyaji, tundu linaondoa sehemu kubwa ya bei, na pete iliyochomelewa vivyo hivyo. Wapo wanaokuja kuniomba nizibe tundu. Naweza, na kwa macho ya kawaida hutaliona, lakini sifanyi, kwa kuwa kwenye lenzi linaonekana na aliyenunua ataona ameibiwa.

Hata hivyo tundu lina upande wake wa pili. Bibi mmoja wa Mikindani aliletwa na wajukuu zake na mkufu wa rupia za India, zimeunganishwa kwa vikuku vya fedha vilivyosokotwa kwa mkono. Walitaka niukate, kila mmoja apate sarafu yake akauze. Rupia moja moja zilikuwa zimelika, tundu juu, bei ya mzani. Ila ule msokoto wa vikuku ulikuwa kazi ya sonara wa zamani ambayo leo ni wachache wanaoiweza, na mkufu mzima ulikuwa pambo la pwani lililokamilika, lenye mwenyewe aliyelivaa siku ya harusi yake na bado yupo hai wa kulisimulia. Nikawaambia nikiukata, nitawapa bei ya fedha, na kitu chenye thamani kuliko fedha kitakuwa kimekufa mezani kwangu. Bibi alinyoosha mkono, akauchukua, akauvaa palepale. Wajukuu hawakubisha.

Kwa anayetaka kuuza kweli, ajue kwamba sarafu moja ina bei zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kuna bei yangu mimi sonara, ambayo ni ya kuyeyusha. Kuna bei ya dalali, ambayo inacheza kati. Kuna bei ya mkusanyaji, na wakusanyaji wa sarafu za koloni la Mjerumani wengi wako Ujerumani kwenyewe, wananunua minadani. Vijana wananionyesha kwenye simu rupia iliyotangazwa kwa bei ya kutisha. Bei iliyotangazwa ni ombi la muuzaji. Tazameni bei iliyolipwa mnada ulipofungwa, ya mwaka uleule, herufi ileile, na hali inayofanana na ya kwenu. Kule Marekani kuna kampuni kama PCGS na NGC zinazopima hali ya sarafu kwa kipimo kinachoishia 70 na kuifungia kwenye kasha gumu, lakini gharama yake inafaa kwa sarafu nzuri na adimu tu. Kwa rupia ya kawaida, picha mbili safi, mbele na nyuma, pamoja na uzito wake kwenye mzani wa dijitali, vinatosha kuanzia mazungumzo.

Zinazobaki ni zile ambazo siziwekei bei kabisa. Kutoka upande wa Kilwa huja vipande vidogo vya shaba, vyembamba, vina maandishi ya Kiarabu ambayo maneno ya upande mmoja yanapatana vina na ya upande wa pili. Ni sarafu za masultani wa Kilwa, na hazina tarehe. Bila tarehe, kinachobaki cha kuzieleza ni mahali zilipolala na vilivyolala pamoja nazo. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, na kilichowasaidia wataalamu kujua zilifukiwa karne ya 11 ni dinari za dhahabu za Wafatimi zilizokuwa kwenye fungu lilelile. Kama mtu angezitoa kidogo kidogo na kuziuza mojamoja, leo zingekuwa vipande vya fedha visivyo na habari. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Haviuzwi wala kutolewa nchini bila kibali, na aliyeviokota anatakiwa kutoa taarifa. Anayeniletea vitu hivyo namrudishia mkononi, namwelekeza kwa maofisa wa mambo ya kale, na kabla hajaondoka namwandikia kwenye karatasi yale atakayoulizwa: kijiji, umbali kutoka ufukweni, kina cha shimo, na chochote kilichokuwa kando ya sarafu, hata kama ni kigae cha chungu.